Nani Aamue? Mwongozo Kamili wa Kumaliza Mizozo Katika Mchezo wa Kubadili Kanuni

Kwenye baraza za Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, bao likikolea utasikia watu wakibishania kete hadi sauti ziwakauke. Hata hivyo mabishano hayo yana mwisho. Yupo mzee anayejua, anaulizwa, anajibu, mchezo unaendelea. Kanuni za bao zilikuwepo kabla ya wachezaji kuzaliwa, na hakuna awezaye kuzigeuza katikati kwa kuwa tu anashindwa.

Nomic ni mchezo wa namna nyingine. Uliundwa na mwanafalsafa Mmarekani Peter Suber, aliyekuwa akifundisha Earlham College katika jimbo la Indiana, na ukawafikia wasomaji wengi Juni 1982 kupitia safu ya Douglas Hofstadter katika jarida la Scientific American. Humo, kubadili kanuni ndiko kucheza kwenyewe. Zamu yako ikifika unapendekeza kanuni mpya, au unataka iliyopo ifutwe au irekebishwe. Wote mnapiga kura, kisha unarusha dadu na kujiongezea pointi zilizotoka. Wa kwanza kufika 100 ndiye mshindi. Suber alikuwa akichimba fumbo lililomo ndani ya sheria za nchi: katiba ikiruhusu kurekebishwa, je, kifungu kinachosema irekebishwe vipi nacho kinaweza kurekebishwa kwa njia hiyohiyo?

Basi hapa mzozo haumalizwi na anayejua zaidi, maana kilicho kweli sasa hivi huenda kisiwe kweli zamu mbili mbele. Unamalizwa na utaratibu uliokubaliwa watu wangali baridi. Kundi lililopanga mapema nani aamue, na uamuzi wake unakomea wapi, litabishana usiku kucha na kesho likutane tena. Lisilopanga huvunjika, na hapo wamo majirani na ndugu wanaoacha kuamkiana kwa sababu ya pointi kumi. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu mchezo huu unastahili kuchezwa barazani kwetu, na ninataka udumu.

Kabla ya dadu ya kwanza

Seti ya mwanzo ina kanuni 29. Kanuni 16, za namba 101 hadi 116, hazibadiliki mpaka wachezaji wote kwa pamoja wakubali kuzihamisha ziingie kundi la pili. Nyingine 13, za 201 hadi 213, zinabadilika. Katika mizunguko miwili ya mwanzo kila badiliko linahitaji kura za wote. Baada ya hapo, ikiwa kanuni ya 203 haijaguswa, wingi wa kura unatosha. Mapendekezo yanapewa namba kuanzia 301, na lililokataliwa nalo hubaki na namba yake.

Mteueni karani, mmpe daftari moja. Kurasa za mbele aandike kanuni zinazotumika, za katikati kura na pointi, za nyuma hukumu. Kanuni ya 106 inataka kila pendekezo liandikwe kabla halijapigiwa kura, na msikubali hata mara moja lile neno la “si mmenielewa lakini?” Pendekezo lililosemwa kwa mdomo ndilo mama wa mizozo yote.

Kisha andikeni orodha ya zamu. Kanuni ya 201 inasema zamu zifuate mwelekeo wa akrabu za saa, jambo jepesi mkiwa mezani. Barazani watu wamekaa mistari miwili inayotazamana, mmoja ameegemea mlango wa daka, mwingine ameondoka kuleta kahawa na aliporudi akakaa kwingine. Kwa hiyo majina yafuatane kwenye daftari, na orodha ndiyo ishike hata mtu akihama kiti. Hili si jambo dogo: orodha hiyo ndiyo itakayosema mwamuzi ni nani.

Jambo la mwisho la maandalizi ni sala. Kanuni ya 105 inataka kila mwenye haki ya kura ashiriki katika kila kura ya kubadili kanuni. Adhana ya Isha ikiingia katikati ya upigaji kura, wawili wataondoka na watatu watabaki wakihesabu. Ninashauri pendekezo la kwanza kabisa la mchezo liwe hili: kura isianzishwe adhana ikishaanza, na iliyoanza isimame mpaka wote warudi. Tena mtaje ni adhana ya msikiti gani, maana katika mji wenye misikiti mingi kama Lamu hazianzi kwa sekunde moja, na mwenye haja ya kura atashikilia ile iliyochelewa.

Hatua ya kwanza: simamisheni mchezo

Kanuni ya 212 inasema mzozo umezuka mara mchezaji yeyote anaposhikilia kwamba upo. Hahitaji mwenzake wa kumuunga mkono. Akisema “Ami, ngoja kwanza, naomba hukumu,” basi hukumu imeombwa, hata kama aliyesema ndiye mdogo kuliko wote barazani. Kuanzia hapo mchezaji anayefuata hawezi kuanza zamu yake bila ridhaa ya wengi.

Fanyeni hivyo kwa vitendo: dadu ishikwe na karani, aandike saa na jina la aliyeomba. Makundi mengi huharibikia hapa. Mtu anapinga, wenzake wanamwambia tutaliangalia baadaye, dadu inarushwa, kura nyingine inapigwa juu ya ile yenye shaka, na baada ya nusu saa hakuna anayejua wapi pa kurudi. Pingamizi la papo hapo humalizwa kwa dakika tano. Lililoachwa lilale huamka na watoto.

Hatua ya pili: andikeni swali moja

Aliyepinga aandike swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. “Fundi amedanganya” si swali. “Je, pendekezo la 309 limepita?” ni swali.

Kisha jiulizeni mzozo wenyewe ni wa jinsi gani, kwa sababu kila jinsi ina dawa yake. Upo wa tukio: kura zilikuwa tatu au nne, dadu ilisimama kwenye tano au iligongwa na mguu. Huo unajibiwa na daftari na mashahidi, wala hauhitaji falsafa. Upo wa maana: neno fulani katika kanuni linajumuisha nini. Upo wa utaratibu: hatua ilichukuliwa kwa njia inayotakiwa au la. Na upo mzito kuliko yote, wa mamlaka: nani mwenye haki ya kuamua mzozo huu. Wa mamlaka ukiwepo ndio uanze, vinginevyo mtatoa jibu zuri ambalo nusu ya baraza haitalitambua.

Hatua ya tatu: mtambueni mwamuzi

Kwa kanuni ya mwanzo, mwamuzi ni mchezaji anayemtangulia mwenye zamu. Tuseme orodha yenu ni mwalimu, nahodha, fundi, mwenye duka, kijana. Zamu ni ya fundi. Mwamuzi ni nahodha. Uamuzi wake ukitenguliwa, uamuzi unarudi nyuma kwa mwalimu, kisha kijana, kisha mwenye duka. Fundi harukiwi kwa ubaya: hakuna anayekuwa mwamuzi katika zamu yake mwenyewe.

Watu hulalamika kwamba nahodha naye ni mchezaji na ana maslahi. Ni kweli, na maslahi yenyewe huwa yamejificha. Tazameni hesabu. Wingi wa kura ukishakuwa ndio unaotosha, pendekezo likipita kwa tatu dhidi ya mbili, wale wawili waliolipinga wanapata pointi 10 kila mmoja kwa kanuni ya 204. Likikataliwa, aliyelipendekeza anapoteza 10 kwa kanuni ya 206, nao waliopinga hawapati kitu. Maana yake ni kwamba mwamuzi aliyepiga kura ya hapana anaweza kufaidika kwa kuamua kwamba pendekezo limepita! Basi msimkisie mtu nia kwa kura aliyoipiga. Kabla ya kusikiliza hoja, karani atangaze wazi kila jibu litampa nani pointi ngapi, mwamuzi akiwemo. Hilo halimwondoi kitini, lakini linamfanya aandike sababu zinazoweza kusimama mbele ya watu.

Hatua ya nne: namna ya kuamua

Mwamuzi apite ngazi hizi kwa mpangilio, asiruke.

Aanze na kanuni zisizobadilika. Kanuni ya 110 inabatilisha kanuni yoyote ya kundi la pili inayogongana nazo, na mzozo mwingi hufia hapo. Mtu anadai kanuni mpya imfutie hasara ya zamu iliyopita. Kanuni ya 107 inasema hakuna badiliko linaloanza kabla ya kura yake kukamilika, hata kama maneno yake yenyewe yanadai hivyo. Limekwisha.

Zikigongana mbili za daraja moja, kanuni ya 211 inaipa nguvu yenye namba ndogo, isipokuwa mojawapo iwe imesema yenyewe kwamba inaitangulia nyingine au inaipisha. Zote mbili zikidai kutangulia, mnarudi kwenye namba.

Zikinyamaza, au zikijipinga, au zikiwa hazieleweki, ndipo mwamuzi atazame desturi ya mchezo na roho yake, kabla ya kipimo kingine chochote. Nachukua mfano mmoja niufuate mpaka mwisho, kwa sababu hapa ndipo waamuzi wengi huteleza.

Mmepitisha kanuni ya 307: “Siku ya Ijumaa, anayekataliwa pendekezo lake hapotezi pointi.” Ni Alhamisi, saa mbili usiku. Pendekezo la fundi limekataliwa. Fundi anasema jua lilipozama Ijumaa iliingia, na kila mtu hapa Lamu akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha usiku huu. Kijana anatoa simu, imeandikwa Alhamisi, na itabaki hivyo mpaka saa sita usiku. Baraza zima linagawanyika, wengine wanaanza kutaja masheikh.

Nahodha asiwafuate huko kwanza. Swali la kwanza ni kama 307 ina nguvu yoyote mbele ya 206. Ya 206 inasema aliyekataliwa anapoteza 10, ya 307 inasema hapotezi, na yenye namba ndogo ndiyo hushinda. Kama 307 haikuandikwa “kanuni hii inaitangulia ya 206”, fundi anapoteza pointi zake iwe Alhamisi, Ijumaa au Iddi, na ubishi wote wa magharibi na saa sita ulikuwa wa bure.

Tuseme imeandikwa. Sasa ndipo siku inakuwa swali la haki. Kanuni imenyamaza, kwa hiyo desturi ya mchezo inatangulia desturi ya mji. Nahodha afungue daftari atazame karani amekuwa akiziita vipi usiku zilizopita. Ikiwa kila usiku baada ya magharibi umeandikwa kwa jina la siku inayokuja, fundi ameshinda hoja. Ikiwa karani ameandika kwa tarehe ya simu na hakuna aliyewahi kumpinga, kijana ameshinda, hata kama mji wote unahesabu vingine, kwa sababu hiyo ndiyo desturi waliyoijenga wenyewe. Ikiwa daftari halina kitu, atazame roho: kanuni ilipitishwa ili nini? Ikiwa nayo haisaidii, hapo ndipo desturi ya mji inapata nafasi, na mimi ningeamua kwa fundi bila kusita. Watu watano wanaoishi kwa hesabu ya magharibi, wakaandika “siku ya Ijumaa” bila kufafanua, walikuwa na hesabu hiyo vichwani.

Hukumu iandikwe kwa ufupi, na msomaji asiyekuwepo aielewe. Mfano: “Swali: je, fundi anapoteza pointi 10? Ukweli usiobishwa: pendekezo limekataliwa saa mbili usiku, Alhamisi kwa tarehe ya simu. Kanuni: 206, 211, 307. Sababu: 307 imesema inaitangulia 206, neno ‘siku’ halikufafanuliwa, daftari limekuwa likiandika usiku kwa siku inayofuata. Jibu: hapotezi.” Tosha. Mwamuzi asiongeze “na kuanzia leo siku itahesabiwa hivi”. Hiyo ni kazi ya pendekezo na kura. Hukumu inafunga mzozo wa zamu hii tu, na waamuzi wajao hawafungwi nayo. Atakaye ufafanuzi wa kudumu asubiri zamu yake aupendekeze, na ninawasihi afanye hivyo mapema.

Hatua ya tano: kutengua

Uamuzi unatenguliwa kwa kura ya wachezaji wengine wote, bila hata mmoja kukosekana, na kabla ya zamu inayofuata kuanza. Karani aulize kwa sauti: “Nani anapinga hukumu?” Wakikamilika wote, mwamuzi wa nyuma yake anaanza upya. Akikosekana hata mmoja, hukumu imesimama, dadu irudi kwa mwenyewe. Msirefushe hapa. Hoja zilishatolewa.

Mzozo ukigundulika umechelewa

Hili ndilo gumu, na kanuni za mwanzo hazilitoshelezi. Mko mzunguko wa nne. Mwenye duka anapekua daftari anaona kura ya 305 ilipigwa yeye akiwa sokoni. Kanuni ya 105 ilivunjwa. Lakini 305 ndiyo iliyopunguza pointi za dadu, na zamu nyingi zimeshapita juu yake. Je, zote ni batili? Pointi za nani zirudi?

Mwamuzi hawezi kuwaokoa. Kanuni ya 212 inampa mamlaka juu ya maswali yanayogusa ukamilishaji wa zamu iliyopo tu. Anaweza kusema kwamba kwa ajili ya zamu hii 305 inatumika au haitumiki, na kesho mwamuzi mwingine akasema kinyume. Kurudi nyuma na kuhesabu upya kila kitu kunaonekana kuwa ndiyo haki, lakini ni mtego: watu walipiga kura zao wakiamini 305 ipo, na asingekuwepo aliyeamini hivyo kura zenyewe zingekuwa nyingine.

Dawa ni kukubaliana mapema kwamba kumbukumbu isiyopingwa inakuwa kweli. Pitisheni katika mzunguko wa kwanza, kabla hajatokea mwenye kufaidika, kanuni ya namna hii: “Mwisho wa kila mzunguko karani atasoma kanuni zinazotumika na pointi za kila mmoja. Asipotokea wa kupinga kabla ya zamu inayofuata, hali ya mchezo kuanzia hapo ni ile iliyosomwa, hata kama kulikuwa na kosa nyuma yake.” Angalieni maneno “kuanzia hapo”. Haigeuzi yaliyopita, kwa hiyo haigongani na 107. Inasema tu kuanzia sasa tunasimama wapi. Agora, mchezo wa Nomic ulioanza kwenye intaneti mwaka 1993 na kuchezwa kwa zaidi ya miaka 30, unatumia njia ya aina hii: ripoti fulani zikitolewa na muda uliowekwa ukapita bila pingamizi, yaliyomo yanahesabiwa kuwa sahihi. Bila hiyo, kosa moja dogo la miaka ya nyuma lingeweza kutikisa mchezo mzima.

Mnaocheza kwa kundi la simu, ongezeni kwamba kura ni ile iliyoonekana kwenye kundi, na iliyofutwa baada ya kuonekana bado inahesabiwa.

Wakizuka waamuzi wawili

Mtu amependekeza mwamuzi awe mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kura imepigwa, na mzozo ni kama pendekezo limepita. Wanaosema limepita wanamwendea mwalimu, mkubwa wao. Wanaosema halikupita wanamwendea nahodha.

Rudini kwenye mahali pa mwisho ambapo hakuna aliyekuwa akibisha. Kabla ya kura ile, wote mlikubali kwamba mwamuzi ni anayetangulia. Kwa hiyo nahodha ndiye aamue kama pendekezo limepita. Akiamua limepita, mwalimu anachukua kiti kwa maswali yatakayofuata. Heshima kwa mwalimu haipungui. Kiti chake kitakuwa na nguvu zaidi kikithibitishwa na yule aliyekuwa akikiachia. Kanuni ya 212 inamruhusu mwamuzi kuamua hata uhalali wake mwenyewe, lakini haisemi lolote watu wakisimama wawili. Iandikeni.

Jibu likikosekana kabisa

Kanuni ya 213 inasema mchezo ukishindwa kuendelea, au mwamuzi akiona kwa fikra zake zote kwamba hatua ni halali na si halali kwa uzito uleule, basi wa kwanza kushindwa kukamilisha zamu yake ndiye mshindi. Wachezaji wakali huutafuta mkwamo huo kwa makusudi, na ni njia halali ya kushinda. Mwamuzi anayeukubali aandike hoja zote mbili kikamilifu, kila moja kwenye ukurasa wake, wenzake wazisome kabla ya kupongeza mtu.

Kuna ufa hapa wa kuziba mapema. Kutengua kunahitaji wachezaji wengine wote, na mmoja wao ni yuleyule atakayeshinda kwa mkwamo. Hatapiga kura ya kujinyima, hivyo hukumu hiyo haitenguliki kamwe. Mapema, pointi za wote zikiwa bado chini, pendekezeni 212 iongezewe maneno: “Katika kura ya kutengua hukumu inayompa mchezaji ushindi, mchezaji huyo hahesabiwi, na sehemu hii inaitangulia kanuni ya 207.” Maneno ya mwisho msiyaache. Kanuni ya 207 inampa kila mchezaji kura moja wakati wote, namba yake ni ndogo kuliko 212, na bila kutajwa itayafuta marekebisho yenu usiku uleule mtakapoyahitaji.